Kuku Mlevi wa Mama Kulwa

Nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa, niko kidato cha sita, ndevu zangu bado zinaogopa kutoka zote kwa pamoja, lakini nimestaafu kabisa na sherehe nimefanyiwa. Nilipewa beseni la plastiki lenye maua, soda ya moto na hotuba. Beseni mama alilichukua siku hiyohiyo. Kazi niliyostaafu ni ya mtoa elimu rika katika klabu ya vijana ya kliniki yetu hapa Songea, klabu ya sisi tuliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Ukifika umri wangu unahamishiwa kliniki ya wakubwa, kule ambako kila mtu kwenye benchi anajifanya amemsindikiza mwenzake.

Sista Mbawala, nesi wetu, ameniambia niandike niliyoyaona, ili nyinyi mnaobaki msianzie sifuri. Vyeo na mshahara siviandiki kwa sababu havikuwepo. Soda zilikuwepo, lakini soda si historia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kidato cha pili. Sista alinipa fulana ya kazi iliyonifika magotini, akanitazama juu ya ile miwani yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akasema, "Otmar, una mdomo mkubwa. Badala ya kuutumia kuwachekesha wenzako wakati nafundisha, uutumie kwa kazi." Basi nikaajiriwa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa darasa la tatu, aliyenikagua kuanzia fulana mpaka kandambili.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni mgonjwa mzoefu."

Akaridhika. Tangu siku hiyo nimejitambulisha hivyo, na hakuna aliyewahi kunidai cheti.

Zana zangu zilikuwa mbili: tochi ya simu ya mama na macho. Kidonge kina maficho mengi kuliko mnavyofikiri. Kuna chini ya ulimi, ambako wanaanzia wanagenzi. Kuna nyuma ya gego la mwisho. Kuna shavuni, lakini hiyo inataka mtu mwenye kipaji, kwa sababu lazima aongee huku kidonge kimekaa. Halafu kuna nje ya mdomo: tundu la godoro, tonge la ugali la mbwa, udongo wa chungu cha maua. Maficho yote hayo nilikuwa nayajua, na msiniulize niliyajulia wapi.

Sista alikuwa na kanuni yake: "Sikiliza kwanza, mulika baadaye." Mimi nilipenda kumulika. Pacha mmoja na kuku mmoja ndio walionifundisha kusikiliza.

Majina yao ni Kulwa na Doto. Wameniruhusu niyaandike, na kwa kuwa nusu ya mapacha wa nchi hii wanaitwa hivyo, mtawatafuta mpaka mchoke. Walikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yao, Mama Kulwa, alikuwa amehama nao kutoka Nalasi, kule Tunduru kwenye mikorosho, akapata kibaraza cha kushonea nguo mtaa wa Majengo. Mwenyewe alikuwa anameza dawa, na wale mabinti wawili walikuwa wanameza dawa zilezile za enzi hizo, zile ambazo tuliziita dawa za ndoto. Dawa mpya zilikuwa hazijatufikia watoto wote. Waliomeza zile za zamani wanakumbuka: unalala, unaota unafukuzwa na mwalimu mkuu aliyepanda ng'ombe, na ukiamka dunia inazunguka kidogo.

Walipofika kwetu walitolewa damu kupimwa wingi wa virusi. Ukimeza vizuri, virusi vinafubaa hadi kipimo hakivioni. Majibu ya Doto yakawa safi. Ya Kulwa yakawa juu. Sasa, virusi vikiwa juu, maana yake ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa watu wa kliniki ni moja tu: humezi. Na kusema haki, mara nyingi wanakuwa sahihi. Sisi watoto ni waongo wenye vipaji.

"Kulwa, mwanangu," Sista alimwambia siku ile, mimi nikiwa nimekaa pembeni na fulana yangu, "hapa hakuna kiboko. Dawa unazipeleka wapi?"

"Nameza, Sista."

"Zote?"

"Nameza."

"Tunameza pamoja," Doto akadakia. "Kikombe kimoja. Mimi nakunywa nusu, yeye nusu."

Mama Kulwa akagonga meza kwa kidole chenye mtondoo, kile kikofia cha chuma cha mafundi cherehani. Alikuwa ametoka moja kwa moja kibarazani. "Usimtetee mwenzio! Wewe mbona vyako havionekani? Dawa moja, maji mamoja, tumbo moja mlilotoka. Huyu anatema."

"Sitemi, mama."

"Unatema!"

Nilichomulika mdomoni mwa Kulwa siku ile kilikuwa meno tu. Mtoto alifungua mdomo taratibu, akainua ulimi kabla sijamwambia, akasubiri. Wanaotema hawafanyi hivyo. Wanaotema wanaharakisha, au wanaanza kukohoa. Nilimwambia Sista baadaye, akasema, "Nimekusikia. Lakini nimeshadanganywa na malaika wengi."

Wakapewa ushauri, wakarudi, wakapewa tena. Mama yao akawa anawamezesha mwenyewe, wote wawili, mdomo wazi mbele yake. Damu ikapimwa upya. Doto safi. Kulwa juu vilevile.

Hapo Mama Kulwa akachoka. Mtu akichoka kwa hofu anafanana sana na mtu mwenye hasira. Nilipopita Majengo kuchukua sketi ya dada yangu, nilimkuta anashona kwa kasi ya kutisha, Kulwa ameketi chini ya meza ya vitambaa kama mzigo unaosubiri basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu akifunga shule anakwenda Nalasi kwa bibi yake. Akaokote korosho apate akili."

"Na Doto?"

Cherehani ikasimama. Mnajua wazee wanavyosema kuhusu mapacha: usimpe mmoja ukamnyima mwingine, usimsifu mmoja, usiwatenganishe, mmoja ataugua kwa ajili ya mwenzake. Mama Kulwa aliifuata desturi hiyo hadi kwenye vifungo vya gauni. Doto akipata andazi, Kulwa anapata andazi. Sasa alikuwa anataka kuivunja.

"Doto anabaki," akasema bila kuniangalia. "Anameza vizuri. Sitaki huyu amharibu."

Kule Nalasi kliniki ilikuwa mbali na nyumba ya bibi, na bibi mwenyewe hakuwa ameambiwa dawa zile ni za nini. Nilijua mtoto akienda huko na virusi vimepanda, tutakuja kumwona amekonda, au hatutamwona kabisa. Kulwa akanifuata hadi barabarani.

"Kaka Otmar, nikiacha kumeza itakuwaje?"

"Utaugua. Kwa nini unauliza?"

"Nameza, wanasema simezi. Bora nisimeze kweli. Angalau watakuwa hawanisingizii."

Sikuwa na kichekesho. Mnaonijua mnajua hilo ni jambo la kuandikwa ukutani. Nilibaki nimeshika sketi ya dada yangu katikati ya Majengo, bodaboda wananipigia honi, nikaamua kwamba huyu mtoto haendi kokote.

Kesho yake nilimwendea Sista. Alikuwepo pia Dokta, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, mwenye kusikitikia ubaridi wetu wa mwezi wa sita kana kwamba tumeuleta sisi. Nikasema kama Kulwa anameza na virusi haviteremki, basi kasoro iko kwenye virusi.

"Inawezekana," Dokta akasema. "Kuna kipimo cha usugu. Kinasoma maumbile ya kirusi chenyewe, kinaonyesha kama kimeizoea dawa. Lakini sampuli inakwenda maabara kubwa, mbali, na hawapokei ya mtoto asiyemeza. Lazima kwanza tuwe na uhakika."

"Mama yake anamwona akimeza."

"Mama anaweza kupitiwa. Anaweza pia kumficha mwanawe."

"Basi nitamwona mimi. Kila jioni."

Dokta akatazama fulana yangu. Sista akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Huyu hatemewi kidonge," akasema. "Nyani haoneshwi njia ya porini. Mwache aende, na mimi nitapita nyumbani kwao bila taarifa."

Ndivyo nilivyoanza kwenda Majengo kila magharibi. Majirani waliambiwa nawafundisha mapacha hesabu. Wanaozijua alama zangu za hesabu walihuzunika kwa niaba ya mapacha. Mama Kulwa aliswali, kisha akatoa kikombe cha bati, vidonge na maji. Kulwa anameza, anafungua mdomo, namulika. Gego, shavu, ulimi. Safi. Halafu nakaa naye mpaka hesabu mbili tatu ziishe, kwa sababu wengine wanameza kisha wanajitapisha. Hakutapika hata siku moja. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu.

Doto alimeza upande wa pili wa kikombe, kisha akatoka kwenda kuwafungia kuku. Mtoto mwema, mchapakazi. Nilikuwa hata simmuliki.

Mama Kulwa alikuwa na kuku kadhaa nyuma ya nyumba, na mmoja wao, mtetea mwekundu, akaanza vituko. Jioni moja nilimkuta anatembea upande upande. Akaliendea banda, akalikosa, akagonga ukuta, akakaa chini kufikiri. Nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Mama Kulwa! Kuku wako ametoka kilabuni?"

"Usinichekeshe. Ni mdondo. Kesho namchinja kabla hajawaambukiza wenzake."

"Mdondo na hamu ya kula hivyo?" Maana mtetea alikuwa anadonoa ardhi kwa bidii, ila alichokilenga kilikuwa hapa na mdomo unatua pale.

Doto alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Nyinyi mtakaofanya kazi hii, jifunzeni kuutambua uso ule. Uso wa mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ana kitu mahali fulani. Nikaacha kucheka. Kuku anayumba. Dunia inazunguka kidogo. Mimi hiyo dawa niliimeza miaka.

Nikamwita kando ya banda, polepole, kama ninayemwuliza jedwali la saba.

"Doto. Kuku anaota ndoto?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Fungua mdomo."

"Leo nimeshampa," akasema.

Mtakubaliana nami kwamba alikuwa fundi. Mama yake na mimi, tochi na kila kitu, tulikuwa tunamlinda aliyemeza, na aliyetema alikuwa anapita mbele yetu kidonge kikiwa shavuni, anasema "nakuja" kwa sauti nzuri kabisa, anakwenda kukimwaga mbele ya mtetea.

"Kwa nini?"

"Kulwa akipelekwa Nalasi na mimi nipelekwe." Machozi yakaanza, lakini hakulia kwa sauti, asimshtue mama. "Vyangu vikipanda kama vyake, tutafeli wote. Hawatamwacha mmoja. Pacha hatenganishwi."

Niliketi chini kando ya kuku. Tukayumba wote wawili. Nilikuwa nimeona watoto wanaotema kwa uchungu wa kidonge, kwa hasira na baba, kwa kumwogopa mwenzao wa bweni. Sikuwa nimewahi kumwona anayetema kwa ajili ya mwenzake.

"Sikiliza, Doto. Wewe unajua kwa nini mimi naamini Kulwa anameza?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa sababu yako. Nyumba moja, kikombe kimoja, mama mmoja anayemezesha. Vyako havionekani, kwa hiyo kikombe hakina kosa na mama hana kosa. Wewe ndiye shahidi wa Kulwa. Ukifeli na wewe, watasema nyumba nzima haimezi, na damu ya Kulwa haitapelekwa popote. Unamwokoa kwa kumzamisha."

Akafuta machozi kwa kiganja. Kisha akauliza, "Na kuku?"

"Kuku ataamka na kichwa kizito. Atapona."

"Utamwambia mama?"

"Mama utamwambia wewe. Sista namwambia mimi. Hii si siri ya klabu, hii ni damu yako."

Alimwambia. Mama Kulwa hakupiga mtu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akawavuta wote wawili, mmoja huku, mmoja huku, na safari ya Nalasi haikutajwa tena jioni ile. Mtetea akasamehewa kisu. Kuanzia hapo nilimulika midomo miwili, na damu ya Doto ilipochukuliwa tena ilikuwa bado safi. Tulikuwa tumemwahi.

Mara zote Sista alizopita bila taarifa alikuta mambo yako kama ninavyosema. Akasimama mbele ya Dokta, mikono kiunoni. "Nimeona kwa macho yangu. Mtoto anameza. Peleka damu." Dokta akapeleka.

Kusubiri majibu ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Kulwa alikuwa ananiuliza kila jioni, nami namjibu, "Yako njiani," kama kondakta. Alikuwa anameza huku akijua dawa ile huenda haimsaidii, kwa sababu nilimwomba asiache mpaka tujue. Nyinyi mnaolalamikia uchungu wa kidonge, mfikirieni yule.

Majibu yalipofika tuliitwa wote. Dokta alisema kirusi cha Kulwa kina mabadiliko kwenye maumbile yake, na kwa mabadiliko hayo dawa ile ya ndoto haikiwezi. Akasema hakikujifunza kwa Kulwa. Inaelekea alizaliwa nacho kikiwa hivyo.

"Mbona Doto hana?" Mama Kulwa akauliza. "Walikuwa tumbo moja."

Dokta akaeleza kwamba virusi ndani ya mwili wa mama havifanani vyote. Vinajinakili haraka na ovyo, kila nakala na makosa yake. Katika umati wote huo, kwa mtoto hupita kimoja tu, au vichache. Kwa Kulwa kilipita cha aina moja, kwa Doto cha aina nyingine.

Mama Kulwa hakuelewa, na mimi nikainua mkono kama darasani. "Mama, ni kama kunakili kazi ya nyumbani. Sisi tunamnakili mwenzetu, na makosa yake tunayanakili. Mwalimu akisahihisha, anajua nani kanakili kwa nani kwa kuangalia kosa linalofanana. Sasa ndani yako kuna madaftari mengi. Doto alinakili la kawaida. Kulwa alinakili lenye kosa moja, na kosa hilo ndilo linaloishinda dawa."

"Mfano huu umeutoa wapi?" Sista akauliza.

"Kwa rafiki yangu," nikasema.

Lakini Mama Kulwa hakucheka. "Kosa hilo mimi nililipata wapi?"

Sista akamwuliza taratibu kuhusu uzazi wake wa kwanza. Akasema ndiyo, alipomzaa kaka wa hawa mapacha, aliyeko Tunduru, alipewa kidonge siku ya uchungu ili kumkinga mtoto. Siku zile ndivyo ilivyokuwa, kidonge kimoja cha siku ile, basi. Kaka yao alizaliwa salama, mpaka leo hana kitu. Dokta akasema kidonge kile ni ndugu wa dawa ya ndoto. Kilimwokoa kaka, lakini huenda virusi vichache vilivyobaki mwilini mwa mama vilijifunzia hapo, na mapacha walipokuja baadaye, kimoja cha vile vilivyojifunza kikampata Kulwa.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Kulwa akasema. Akakivua kile kikofia cha kidoleni akakiweka mezani, sijui kwa nini. "Nimemsingizia mtoto kitu nilichompa mwenyewe."

"Ulimeza ulichopewa," Sista akamwambia. "Kama yeye."

Kulwa akakichukua kile kikofia, akamvisha mama yake kidoleni. Nami, kwa mara ya pili katika utumishi wangu, sikuwa na kichekesho.

Kulwa akabadilishiwa dawa. Doto akabaki na yake mpaka zile mpya zilipotufikia wote. Mama yao alisumbuka mno na jambo hilo, mmoja kupewa kipya na mwingine kubaki na cha zamani, hadi Doto akamwambia, "Mama, kikombe si ni kilekile?" Wakaendelea, vidonge viwili tofauti, kikombe kimoja, nusu kwa nusu. Mtetea aliishi akaangua vifaranga. Sikuona kifaranga aliyeyumba.

Siku ya majibu mapya benchi letu lilikuwa limejaa. Sista akatoka mwenyewe, jambo asilolifanya, akamshika Kulwa mabega. "Havionekani! Hongera, mwanangu. Umeona sasa ukimeza?"

Kulwa akamtazama. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, mdogo kuliko fulana yangu.

"Nilikuwa nameza, Sista."

Sista Mbawala, ambaye amewafokea wakuu wa idara, akavua miwani, akachuchumaa hadi macho yao yakawa sawa. "Ulikuwa unameza," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu aliyekuwepo. "Tangu mwanzo ulikuwa unameza. Sisi ndio hatukukusikia."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine, na kesi zilikuwa nyingi, nyingi zaidi za waongo wenye vipaji. Sijaacha kumulika. Mkiacha kumulika watawamaliza. Ila namulika baadaye.

Wiki iliyopita, baada ya soda na hotuba, nilivua fulana nikamkabidhi anayechukua nafasi yangu. Ana miaka kumi na mitano sasa, yuko kidato cha pili, na fulana ilimfika magotini kama ilivyonifika mimi. Doto alikuja kumpigia makofi na kumcheka. Kabla hata hatujamaliza kupiga picha, mama mmoja akaingia amemshika mkono mtoto wa kiume, mtoto amenuna, mama amenuna zaidi. Kulwa akavuta stuli akakaa mbele yake. Mtoto hakungoja kuulizwa.

"Mimi nameza, dada."

Tochi ilikuwa mfukoni mwake. Niliiona, na nilimwona akiiacha hukohuko.

"Sawa," Kulwa akasema. "Tuanzie hapo. Nisimulie."